Kisanduku cha Intaneti Kikiingia Nyumbani



Mwezi huu tunajibu swali la mama mmoja wa kata ya Maparoni, wilayani Kibiti. Kijana wake amemaliza kidato cha nne. Matokeo ya Baraza la Mitihani hutoka kwenye intaneti, majina ya waliochaguliwa kuendelea na kidato cha tano hali kadhalika, na hata maombi ya mkopo wa elimu ya juu hujazwa huko huko. Nyumbani kuna simu moja tu ya kisasa, na baba akienda kuvua kamba huondoka nayo. Mama anauliza: Je, kile kisanduku cha kugawa intaneti ndani ya nyumba kinaweza kufanya kazi kwetu deltani? Na mwanamke asiye fundi anaweza kukifunga?

Jibu letu ni ndiyo, mradi mtandao wa simu unafika pale alipo. Si kazi ngumu kuliko kuwasha jiko jipya la gesi. Lakini kama ilivyo kwa jiko, yafaa kujua unachofanya kabla ya kutoa fedha ya nyumba.

KISANDUKU HIKI NI KITU GANI?

Jina lake ni ruta. Ndani yake zimo kazi mbili. Ya kwanza ni ya modemu, yaani kuzungumza na mnara wa simu na kuipokea intaneti. Ya pili ni kuigawa intaneti hiyo hewani, bila waya, kwa simu na kompyuta zilizomo nyumbani. Sisi watu wa Rufiji hatuhitaji mfano wa mbali. Mto unashuka ukiwa mmoja, ukifika deltani unagawanyika katika mikono mingi mpaka baharini. Ruta nayo hufanya hivyo. Na kama mto, mikono ikiwa mingi kila mmoja hupata maji kidogo. Watoto watano wakitazama video kwa wakati mmoja, wote watalalamika.

Mijini intaneti huweza kuingia nyumbani kwa waya wa simu au wa faiba. Katika visiwa vya delta, kule tunakokwenda kwa boti, njia iliyo karibu ni ruta inayotumia laini ya simu. Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam kupitia baharini mwaka 2009, intaneti ya kasi ilianza kupatikana kwa wingi nchini. Mwaka 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia saini mikataba na makampuni ya simu ya kujenga minara 758 vijijini. Hivyo mahali palipokuwa kimya miaka michache iliyopita huenda leo pana mtandao. Usikubali tu maneno ya zamani, pima mwenyewe.

PIMA KABLA YA KUNUNUA

Ruta haitengenezi mtandao. Hugawa ule ulioukuta. Kwa hiyo azima simu za majirani zenye laini za makampuni mbalimbali, ukazijaribu nyumbani kwako asubuhi na tena usiku, wakati watu wengi wanatumia. Fungua ukurasa wenye picha uone unachukua muda gani. Jaribu sebuleni, dirishani, na mahali pa juu. Mikoko iliyosongamana hupunguza nguvu ya mawimbi ya simu, na paa la bati huyazuia. Ndiyo maana mtu aliye juu ya dungu shambani hupata mtandao kuliko aliye chini. Kampuni iliyofanya vizuri hapo kwako ndiyo ya kununua laini yake, hata kama shemeji yako wa Dar es Salaam anasifia nyingine.

Tuseme pia ukweli huu: ikiwa haja yenu ni kutazama matokeo mara mbili kwa mwaka, simu ndogo ya pili yenye laini yake inatosha. Kisanduku kinafaa nyumba yenye wanafunzi kadhaa, au majirani wawili watatu walio karibu wanaoweza kuchangia gharama.

UNAPOKWENDA DUKANI

Omba ruta ya 4G yenye tundu la laini. Uliza kama inakubali laini za makampuni yote au ya kampuni moja tu. Iliyo na mahali pa kuchomeka antena ya nje ni bora kwa wanaokaa mbali na mnara. Laini isajiliwe kwa kitambulisho chako cha Taifa na alama ya kidole chako mwenyewe. Usikubali laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Ukipiga *106# unaweza kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kisha tazama umeme. Nyuma ya ruta pameandikwa volti zake. Nyingi hutumia volti 12, nyingine 9 au 5. Wenye sola wasidhani kwamba volti 12 za betri ni sawa na 12 za ruta, kwani betri inapochajiwa hupanda kupita 14. Tumia kifaa cha kusawazisha umeme kati ya betri na ruta. Hesabu yake ni hii: ruta ya volti 12 na ampea 1 hula wati 12 kwa kiwango cha juu, yaani saa 10 ni wati-saa 120. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 20 hubeba wati-saa 240, na ili idumu isitumiwe kupita nusu. Basi saa 10 ndizo mwisho wake, na taa bado haijawashwa. Wakati wa kulala, zima.

SASA TUFUNGE

1. Ruta ikiwa imezimwa, ingiza laini kwenye tundu lake na ukaze antena.

2. Iweke juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara, mbali na bati, kabati la chuma na mvuke wa jikoni. Hewa ya chumvi huozesha vyuma vyake, hivyo iwe mahali pakavu. Waliokumbwa na mafuriko ya Aprili 2024 hawahitaji kuambiwa kwa nini tunasema juu.

3. Washa, ungoje dakika mbili au tatu mpaka taa zitulie.

4. Chini ya ruta pana karatasi yenye jina la mtandao na neno la siri. Kwenye simu, tafuta jina hilo, uandike neno hilo.

5. Fungua kisoma kurasa cha simu, uandike namba ya anwani iliyo kwenye karatasi ile, mara nyingi 192.168.0.1, 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Utaingia chumba cha ndani cha ruta.

6. Hapo badilisha maneno mawili ya siri: la kuingilia chumba hiki na la kutumia intaneti. Yawe tofauti, kila moja lenye herufi zisizopungua 12. Usitumie jina la mtoto wala namba ya simu. Upande wa ulinzi, chagua WPA2 au WPA3.

7. Ruta ikikupa mawimbi ya aina mbili, ya 2.4 hupenya kuta na kufika mbali zaidi. Ya 5 ni ya kasi lakini ya karibu.

Radi zikianza kunguruma, chomoa umeme na antena ya nje.

BANDO, WATOTO NA BABA

Bando huisha kimya kimya. Maandishi na sauti hula kidogo, video ndiyo mlaji mkubwa. Zuia simu zisipakue programu mpya zenyewe. Ndani ya ruta mna ukurasa unaoonyesha kiasi kilichotumika. Mama autazame kila juma kama anavyotazama debe la mchele.

Kabla ya kununua, kaeni na baba mkubaliane fedha zitatoka wapi kila mwezi. Kifaa kilichonunuliwa kwa siri huleta ugomvi kuliko faida. Mwonyeshe kwamba nacho kina faida kwake: utabiri wa upepo na mawimbi wa Mamlaka ya Hali ya Hewa utasomwa nyumbani kabla hajatoa mtumbwi.

Kwa watoto, weka saa. Simu zitumike sebuleni, si chini ya chandarua. Jirani akiomba, mpe kwa mtandao wa wageni ikiwa ruta inao, ukikumbuka kwamba laini iko kwa jina lako. Na ujumbe wa kitapeli wa kutaka fedha ukiingia, usiujibu; upeleke namba 15040.

Mtandao ukikatika, zima ruta, ngoja dakika moja, uwashe. Ikishindikana, jaribu simu ya jirani kabla ya kumwita fundi. Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika, intaneti ilisumbua nchi nzima na nchi jirani, wala hapakuwa na kisanduku kilichoharibika.

Mama wa Maparoni, fomu za kijana wako zina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo haingoji maji kujaa wala baba kurudi baharini. Anza kesho asubuhi kwa kuazima simu za majirani na kupima.