Mama na kazi: Karatasi moja haifungui milango yote



Juma lililopita mama mmoja wa kikundi chetu alituletea bahasha yake. Tangu mwanzo wa mwaka ameomba kazi mara saba na hajaitwa hata mara moja. Tulipofungua CV yake tuliona sababu upesi. Ilikuwa karatasi ileile mara saba, kopi ya kopi, mpaka herufi zimeanza kufifia. Aliipeleka kwa kazi ya usafi, kwa kazi ya kuhamasisha watu, na kwa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba na maulizo. Ukurasa wote wa kwanza ulieleza jina la baba, jina la mama, kijiji cha asili, kabila, ndoa na watoto sita. Kazi alizokwisha kufanya zilikuwa mistari miwili, chini kabisa ya ukurasa wa pili.

Tukamuuliza: "Mama, si wewe ndiye mwandishi wa sanduku letu la AVEC, mwaka wa tatu sasa?"

Akajibu: "Ndiyo, lakini hiyo si kazi."

Wamama, hiyo ni kazi. Na kwa sababu wengi kati yetu tunafikiri kama yeye, tumeona tuzungumze juu yake juma hili.

Anayesoma anatafuta nini?

Kazi nyingi zinazotangazwa kwetu Masisi na Walikale ni za kontra fupi: siku kumi za kuandikisha watu, miezi mitatu ya mradi wa maji, miezi sita kwenye kituo cha afya. Na sasa zimepungua. Mwanzoni mwa 2025 Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa wa misaada katika nchi yetu, ilisimamisha msaada wake, na miradi mingi ilifungwa. Nafasi ni chache, na wanaoomba ni wengi.

Mwenye kontra fupi hana muda wa kufundisha mtu polepole. Anataka mtu wa kuanza Jumatatu. Basi anashika tangazo mkono mmoja, na karatasi yako mkono mwingine, anaangalia kama vinajibizana. Asipoona jibu kwenye nusu ya kwanza ya ukurasa, anachukua bahasha inayofuata. Si chuki. Bahasha ni nyingi.

Kwa hiyo, mbele ya kuandika, soma tangazo mara mbili na kalamu mkononi. Piga mstari chini ya mambo haya: kazi yenyewe, mahali, muda, luga wanazotaka, karatasi wanazoomba, na siku ya mwisho. Kama tangazo liko kwa Kifaransa na huelewi vizuri, keti na mwanafunzi au mwalimu akufasirie neno kwa neno.

Mama mmoja, kazi tatu

Tuchukue yule mama yetu. Alisoma mpaka mwaka wa 4 wa sekondari. Anaandika hesabu ya sanduku. Alijitolea kwenye kituo cha afya, akipita kwenye nyumba kuambia wamama siku za chanjo. Alipika kwenye masomo ya parokia. Anasema Kiswahili, Kihunde na Kinyarwanda. Maisha ni hayo hayo, lakini kila tangazo linataka yapangwe kwa namna yake.

Tangazo la kwanza linatafuta mhamasishaji wa usafi wa maji. Hapo juu kabisa aandike: "2021–2022, kujitolea kwenye kituo cha afya: nilitembelea nyumba 20 kila mwezi, nikafundisha wamama juu ya chanjo na kunawa mikono." Kisha luga zake tatu. Upishi uwekwe chini, kwa mstari mmoja.

Tangazo la pili linatafuta mtu wa kuandikisha jamaa na kujaza fishi. Hapo sanduku ndilo linapanda juu: "Mwandishi wa AVEC, wanachama 25: ninaandika kila juma akiba, mikopo na malipo, na hesabu inasomwa mbele ya wote." Anayesoma ataelewa kwamba mama huyu anajua kuandika namba bila kuzichanganya, na kwamba watu wanamwamini na feza yao.

Tangazo la tatu linatafuta mpishi. Basi masomo ya parokia yatangulie: alipikia watoto wangapi, siku ngapi kwa juma, nani alitunza akiba ya chakula, namna gani maji yalichemshwa. Kuandika "najua kupika" hakusaidii, maana kila mtu ataandika hivyo. Hesabu ya sufuria na ya watoto ndiyo inaonyesha.

Mmeona, hakuna mahali alipodanganya. Kupanga upya si kusema uongo. Usiandike diploma usiyo nayo wala Kiingereza usichokijua. Watapiga simu kwa watu uliowataja, na siku ya mahojiano watakuuliza kwa luga hiyo hiyo. Uongo mmoja ukigunduliwa, hata ukweli wako wote hautasadikiwa.

Miaka ya kukimbia

Wengi wetu tuna shimo katika miaka. Tulikuwa Bulengo, tulikuwa Rusayo, au tulilala kwa jamaa huko Mubi au Pinga. Usiache shimo hilo wazi, na usilionee haya. Andika kwa ufupi: "2023–2024: nilikimbia vita. Kambini nilisaidia kupanga foleni ya maji na kuandika majina ya wajawazito." Kama ulifanya hivyo, ni kazi, na mashirika yanajua uzito wake.

Kama diploma iliungua au ilibaki nyuma, omba cheti cha kupotelewa na karatasi kwa wakubwa wa mahali ulipo, na uulize masomo uliyosomea kama wana orodha. Zile ulizobaki nazo, zipige picha kwa simu leo na umtumie mtu unayemwamini aliye mahali pengine.

Mambo ya kuondoa

Majina ya wazazi, kabila, dini, idadi ya watoto: toa, isipokuwa tangazo linayaomba. Luga zako ziandike, kwa maana ni ujuzi, lakini kabila si ujuzi. Juu ya mimba, sheria ya kazi ya nchi yetu inakataza kumdai mwanamke anayeomba kazi apimwe mimba au alete cheti chake. Karatasi yote isipite kurasa mbili. Mwishoni weka watu wawili au watatu wanaoweza kukushuhudia, kama muganga mkuu wa kituo, mwalimu mkuu au mkubwa wa kikundi, pamoja na namba zao za simu. Uwaombe ruhusa kwanza, ili simu isiwashtue.

Barua

Barua haisimulii maisha yote. Haililii shida pia. Tunajua shida ni ya kweli, lakini aliyeandika "nina watoto sita na hakuna wa kunisaidia" hajaeleza bado kazi ataifanya namna gani. Mfano wetu ni huu:

"Ninaomba kazi ya mhamasishaji wa usafi wa maji, kufuatana na tangazo lenu. Kwa miaka miwili nilitembelea nyumba 20 kila mwezi kwa kituo cha afya cha kwetu, na wamama wananifahamu. Ninasema Kiswahili, Kihunde na Kinyarwanda, luga zinazosemwa katika vijiji mlivyotaja. Ninakaa hapa, na niko tayari kuanza siku mtakayonipa. Karatasi mlizoomba ziko ndani ya bahasha."

Inatosha. Andika kwanza kwa Kiswahili, kisha mtu akusaidie kuiweka kwa Kifaransa kama wanaitaka hivyo. Lakini akusomee kila mstari mpaka uelewe, maana ni wewe utakayeulizwa, si yeye. Kwenye bahasha andika jina la kazi na namba ya tangazo. Kama wanaomba kopi ya karte ya uchaguzi na karte ya ONEM, weka zote mbili. Karatasi moja ikikosekana, bahasha inaweza kuwekwa kando.

Jambo ambalo mama asifiche

Kuomba kazi hakulipishwi. Hakuna feza ya "kufungua faili", na hakuna zawadi kwa anayepokea bahasha. Wala mwili si bei ya kontra. Tunajua yaliyotokea hapa hapa katika jimbo letu wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020. Wanawake na wasichana walieleza kwamba wanaume wa timu za kupambana na ugonjwa waliwadai mapenzi ili wapewe kazi. Mwezi wa Septemba 2021, tume iliyowekwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe ilitangaza kwamba watu zaidi ya 80 walishtakiwa, na 21 kati yao walikuwa wanatumikia shirika hilo. Wengi wa wale wanawake walitafuta kontra fupi kama hizi tunazotafuta sisi.

Akikuambia "njoo jioni tuongee juu ya faili yako", usiende peke yako, na kama ni nyumbani kwake usiende kabisa. Mwambie mama wa kikundi siku hiyo hiyo. Mashirika mengi yana sanduku la malalamiko au namba ya simu ya bure, tutakusindikiza. Haya ni ya yule aliyedai, si ya yule aliyedaiwa.

Na ukipata kazi, omba kontra iliyoandikwa na ubaki na kopi yako. Kwa vibarua wa kila siku, sheria inasema hivi: ukikwisha kutumika siku 22 ndani ya miezi miwili, na ukichukuliwa tena mbele miezi hiyo haijaisha, kontra yako inahesabiwa kuwa isiyo na mwisho. Kwa hiyo andika siku zako katika daftari, kama tunavyoandika sanduku.

Mama yetu ameandika upya karatasi yake kwa tangazo la nane. Ilimchukua jioni mbili, na taa ya mtoto wa jirani. Hatujui kama ataitwa. Lakini aliposoma kwa sauti yale aliyoyafanya katika miaka hii yote, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe nimetumika sana."

Siku ya kikundi, aje kila mmoja na daftari, kalamu, na tangazo moja. Tutaandika pamoja.