Dawa ya Magugu na Kunde za Nyumbani



Ndugu zetu wa Olaya, katika simu zitokazo nyumbani tumezoea kulisikia ombi hili: tuleteeni fedha za dawa ya magugu, vibarua wamekuwa ghali. Ombi ni la haki, kwani palizi ya jembe imewavunja migongo wazee wetu. Lakini mmoja wetu alipeleka, na baada ya wiki mbili akaarifiwa kwamba mahindi yamependeza, ila kunde zilizopandwa katikati yake zimejikunja majani mithili ya vikombe na mashina yamejisokota. Mama yake alidhani ni jicho la hasidi. Kumbe ni dawa iliyonunuliwa kwa riyali zetu.

Dawa yenyewe ni 2,4-D, iliyoko madukani tangu miaka ya 1940. Huiga kichocheo cha ukuaji kilichomo ndani ya mmea, hata mmea wa majani mapana ukakua ovyo ukajiua. Mahindi, mtama na mpunga, kwa kuwa ni jamii ya nyasi, huihimili. Sasa kunde, choroko, mbaazi na maharage vyote vina majani mapana. Dawa haijui gugu ni lipi na futari ni ipi. Hata barsimu wanayolishwa mifugo wa huku ni ya ukoo huohuo wa kunde, nayo haisalimiki.

Wala si lazima imwagwe juu ya kunde. Upepo huichukua, na aina yake ya esta hugeuka mvuke wakati wa joto ikahamia konde la jirani. Mwaka 2017 huko Marekani, dawa iitwayo dikamba, iliyo ndugu wa hiyo, iliripotiwa kudhuru soya katika ekari zaidi ya milioni 3. Kwetu makonde yamepakana kwa mstari wa mihogo tu, na haki ya jirani sote twaijua uzito wake.

Atrazini ina hila nyingine. Hupuliziwa mahindi, ikabaki udongoni. Maharage ya msimu unaofuata huota vizuri, kisha majani hugeuka manjano na kukauka kuanzia kingoni. Watu hulaumu mbegu! Ama glaifoseti, hiyo huua karibu kila chenye rangi ya kijani, na yaweza kuwadhuru hata baadhi ya bakteria wa vinundu vya mizizi, ambao huikamatia mikunde nitrojeni ya hewani. Vinundu hivyo ndivyo mbolea ya bure ya shamba.

Na bomba la kupulizia je? Masalio machache ya 2,4-D ndani ya bomba lisilooshwa barabara yatosha kuharibu maharage. Anayeweza, awe na bomba la pili.

Basi kabla ya kwenda Batha kupeleka fedha, tuulize kwanza: katikati ya mahindi pamepandwa nini, na msimu ujao patapandwa nini? Pakiwa na kunde, fedha hizo ni za vibarua. Ikiwa dawa imekwisha kununuliwa, wapigeni picha ya kibandiko cha chupa kabla haijafunguliwa, mtuletee baada ya darasa la Ijumaa tukisome pamoja. Vingi vimeandikwa Kiingereza kwa herufi ndogo mno.

Yule mama amepanda kunde upya. Mwanawe amelipa vibarua wawili wa jembe.