Daftari Kumi na Nne



Dominika iliyopita, tulipotoka Misa, mzee mmoja aliyerudi karibuni kutoka Kolwezi, baada ya kukaa huko miaka mingi, alitushika mkono akatuuliza: «Ndugu yangu, mbona sikuoni uwanjani? Umegombana na wenzako?» Tulimjibu kwa maneno machache, kwani watu walikuwa wengi. Leo twamjibu vizuri zaidi, na labda wako wengine ambao jibu hili litawafaa.

Hatukugombana na mtu. Wala hatusemi ya kuwa mpira ni kitu kibaya. Timu ambayo leo twaiita Mazembe ilianzishwa hapa Lubumbashi mwaka 1939 na watawa Wabenedikto, ikapewa jina la Saint-Georges. Mwaka uleule ilizaliwa Lupopo, timu ya watu wa reli. Sisi tulikua kati ya timu hizo mbili kama mtoto kati ya wajomba wawili wasiopatana. Kaka yetu mkubwa alikuwa mtu wa Lupopo. Ndiye aliyetubeba mabegani siku ya kwanza tulipokwenda kutazama mpira, nasi kwa utukutu wetu tukaipenda Mazembe. Jambo hilo lilimchekesha maisha yake yote.

Tangu ujana tulikuwa na kazi moja tuliyoipenda kupita kiasi, nayo ni kuandika mpira. Kila mchezo tuliouona, au tuliousikia redioni, tuliuandika katika daftari: siku, majina ya wachezaji, mabao na waliyoyafunga. Hata habari za mwaka 1967 na 1968, timu yetu ilipokuwa ikiitwa Englebert na kutwaa kikombe cha Afrika mara mbili mfululizo, tulizikusanya kwa kuwauliza wazee. Daftari zikafika kumi na nne. Vijana walipobishana walikuja kwetu tuwaamue, nasi tulifungua daftari kwa taratibu, kama karani wa serikali. (Ninyi wanafunzi msicheke, kila mtu ana ufalme wake mdogo.)

Basi, tarehe 14 Desemba 2010, jioni, Mazembe ilicheza Abu Dhabi na Internacional ya Brazili, katika mashindano ya timu bingwa za dunia nzima. Tulikuwa tumejaa kwa jirani mbele ya televisheni. Mtoto wa kaka yetu akafika mlangoni akasema: «Baba mdogo, baba anakuita. Ana neno.» Twakiri kwamba tulijua kaka hajisikii vizuri siku zile. Tulimwambia mtoto arudi akaseme ya kuwa tutakuja mpira ukiisha.

Mpira uliisha kwa mabao 2-0. Kabla ya siku ile hakuna timu ya Afrika iliyopata kufika fainali ya mashindano hayo. Kipa Kidiaba aliruka-ruka akiwa ameketi chini, kama ilivyokuwa desturi yake, na watoto wa mtaa wakamwiga matopeni. Tulicheza ngoma barabarani hadi usiku wa manane. Kwa kaka tulifika kesho yake, jua limekwisha kupanda.

Tulimkuta ameketi mbele ya mlango wake. Tulimwamkia, tukamwuliza lile neno alilotuitia. Alitutazama, akacheka kidogo, akasema: «Lilikuwa neno la jana.» Kisha akataka tumsimulie mpira, yeye, mtu wa Lupopo! Tukamsimulia wote, bao kwa bao. Siku tatu baada ya hapo Mazembe ilishindwa na Inter Milan kwa mabao 3-0, na katika mwezi wa pili wa mwaka 2011 kaka yetu alikufa. Lile neno hatukulijua. Mjane wake naye halijui.

Wakati wa kilio wazee walituuliza ugonjwa ulianza lini. Tuliona haya kutojua, tukaenda kutafuta katika daftari zetu, kwani humo siku zote zimo. Tulikuta mabao. Tulikuta hata mvua iliyokatiza mchezo mmoja. Juma zima alilolala hospitali mwaka uliotangulia, tulikuwa tumeandika michezo miwili na jina la mwamuzi. Jina la kaka yetu halikuwamo mahali popote katika daftari kumi na nne.

Usiku ule tulitaka kuzichoma. Mama wa watoto wetu akazichukua, akazifungia katika sanduku, akatuambia tusimalizie hasira yetu juu ya karatasi. Rafiki mmoja naye alitushauri twende uwanjani mara nyingi zaidi, ili tusahau. Tulijaribu kwa mwezi mmoja. Watu walipiga kelele kuzunguka pande zote, nasi hatukujua nani amefunga.

Ndipo tulipokaa na kuhesabu. Mpira ni dakika 90, lakini sisi tulikuwa na mkutano wa kamati Jumamosi, mwendo wa kwenda na kurudi, vigelegele tukishinda, mabishano hadi Jumatatu, na mchango wa ngoma na nguo za mashabiki. Tulikuta kwamba mpira ulikula Dominika yote, na kipande kikubwa cha siku mbili za jirani yake. Tulijiuzulu katika kamati. Wenzetu walinuna, baadaye walizoea. Dominika tukaipeleka kwa mjane na watoto wanne, ambao nyumba yao ilikuwa inavuja, na kijana mkubwa alikuwa karibu kuacha shule. Tusidanganye: mara nyingi tulikwenda huko miguu ikitaka njia nyingine.

Tarehe 8 Novemba 2015, siku ya Dominika, Mazembe ilicheza hapa mjini fainali ya Afrika na USM Alger. Mvua zilikuwa zimekaribia, na bati lilikuwa halijapigiliwa. Tulikuwa juu ya paa pamoja na yule mtoto aliyetumwa kutuita mwaka 2010, sasa kijana mrefu. Tulisikia kelele ya mji ikipanda mara moja, tukaacha nyundo. Baadaye ikapanda tena. Tuliposhuka, kijana aliomba daftari ya kumi na nne, ambayo mama wa watoto wetu alikuwa amemrudishia siku nyingi. Aliandika tarehe, akaandika 2-0, na chini yake: «Tumepiga bati. Mama amepika sombe. Baba mdogo amejigonga kidole.»