Krediti za anayehama chuo: Nani abebe mzigo wa ushahidi?

MWANAFUNZI anayehama chuo kikuu kimoja kwenda kingine hubeba hati ya matokeo, lakini mara nyingi hajui ni masomo mangapi kati ya aliyokwisha kufaulu yatatambuliwa huko aendako. Hapo ndipo mgogoro unapoanzia.

Kwa hesabu, jambo hili lingekuwa jepesi. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na shahada ya kwanza ya miaka mitatu hudai krediti 360, yaani 120 kwa mwaka.

Hata hivyo, krediti hupima wingi wa kazi, haipimi kilichofundishwa. Masomo mawili ya takwimu yanaweza kulingana kwa krediti yakatofautiana kwa maudhui. Chuo kinachopokea kina haki ya kuchunguza, kwa kuwa ndicho kitakachotunuku shahada. Tatizo huja pale uchunguzi unapofanywa baada ya ada kulipwa, na jibu likatolewa bila sababu.

Wapo pia wasiohama kwa hiari. Mapema mwaka 2016, TCU ilipofuta vibali vya vyuo vya St. Joseph mjini Songea, wanafunzi walilazimika kuhamishiwa vyuo vingine. Kumrudisha mwanafunzi wa aina hiyo mwaka mzima nyuma ni kumtoza ada, pango na muda kwa kosa lisilo lake.

Mkataba wa Lisbon wa mwaka 1997, unaotumika Ulaya, umeweka kanuni iliyo wazi: masomo yatambuliwe isipokuwa pana tofauti kubwa ya msingi, na anayekataa ndiye athibitishe tofauti hiyo. Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 2014, ulioanza kutumika Desemba 2019, umefuata mkondo huo barani Afrika.

Kwa mwanafunzi, kinga ya kwanza ni kumbukumbu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Muhtasari wa kila somo utunzwe pamoja na hati ya matokeo, na uamuzi wa krediti uombwe kwa maandishi kabla ya kulipa ada. Akikataliwa, aanze na idara, kisha seneti, na mwisho TCU.

Lakini daftari la mwanafunzi halitoshi iwapo chuo hakilazimiki kueleza kwa nini kimelikataa.