Simoni Alikuwa Amebatizwa

Tumezoea kumtaja Simoni wa Samaria kama mchawi aliyelijia Kanisa kutoka nje. Sura ya 8 ya Matendo ya Mitume haisemi hivyo. Simoni alimsikia Filipo akihubiri, akaamini, akabatizwa. Alikuwa Mkristo kama sisi.

Kosa lake lilikuja baada ya ubatizo. Petro na Yohane walipowawekea waamini mikono, Simoni alitoa fedha. Tuangalie alichotaka kununua. Hakumwomba Roho Mtakatifu kwa wokovu wake. Alitaka mamlaka ya kumgawa kwa wengine. Zamani mji mzima ulimtukuza kwa uchawi wake, naye alitaka ukubwa uleule, safari hii ndani ya Kanisa.

Wako wasemao: fedha ni fedha, mradi kanisa liezekwe. Petro naye alikuwa na mahitaji, maana Yerusalemu kulikuwa na wajane wa kulishwa kila siku. Hata hivyo alizikataa fedha zile papo hapo.

Kwa jina la mtu huyu dhambi hiyo huitwa usimoni. Mwaka 451 Mtaguso wa Kalsedonia uliamuru askofu atoaye daraja kwa fedha avuliwe cheo, na aliyeinunua asifaidike nayo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 848, inaagiza maskini asikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wake.

Basi mwanasiasa anayeleta bahasha, kisha akapewa kipaza sauti mbele ya altare, amenunua nini? Novemba 2024 Jimbo Kuu la Nairobi liliagiza michango ya namna hiyo irudishwe, nalo lilitenda haki. Lakini tusiwatazame wanasiasa peke yao. Padre au katekista anayemnyima mtoto ubatizo kwa kuwa mamaye hajamaliza michango ameifanya neema kuwa bidhaa. Pasipo muuzaji, Simoni angerudi na fedha zake.

Petro hakumfukuza, alimwambia atubu na kusali. Toba yetu ianzie katika baraza la parokia. Viongozi wa walei, ulizeni bila woga: nani anaketi mbele kwa sababu ya mfuko wake, na nani ameachwa mlangoni kwa kukosa? Wa kwanza arudishiwe fedha zake. Wa pili aitwe kwa jina, aingie.