Ridhaa ya Nani?

Desemba 2020, watoto wakiwa nyumbani kwa miezi mingi kwa sababu ya korona, wasichana waliotoka kukeketwa walitembezwa barabarani huku Kuria mchana kweupe. Leso mpya mabegani, mwavuli juu ya kichwa, wanaume wakiimba mbele. Sheria ya Kenya ya kupiga marufuku ukeketaji ilikuwa na miaka 9.

Wapo wanaosema Serikali iachane na miili ya watu. Hoja hiyo haifai kubezwa. Dkt. Tatu Kamau aliipeleka kortini mwaka 2017, akidai mwanamke mtu mzima ana haki ya kujiamulia na kushika mila yake. Machi 17, 2021 majaji watatu wa Mahakama Kuu walimkatalia.

Nasi tunaihofia dola inayoingia nyumbani mwa mtu. Wakongwe wa Ntimaru, hapa Kuria, wanamkumbuka chifu wa kabla ya mageuzi ya 1997, aliyeweza kuwatoa watu mashambani kwa kazi ya lazima. Sheria hii ya 2011 nayo inamruhusu afisa kuingia boma bila kibali cha korti. Hayo ni makali ya kisu. Afisa anayeyageuza njia ya kudai kitu kidogo, au anayemlaza mzazi seli kupita saa 24 bila kumfikisha kortini hata siku ambayo korti inakaa, ni mvunja Katiba kama ngariba.

Lakini Katiba hiyohiyo, Ibara ya 44, inampa kila mtu haki ya kushiriki utamaduni wake, kisha inakataza mtu kumlazimisha mwenzake kupitia mila yoyote. Imesema mtu, haikusema Serikali. Anayezuiwa hapo ni baba, shangazi, mzee wa inchama, baraza la wazee wa Kikuria. Msichana wa miaka 12 wa Ntimaru hakutani na dola akiteka maji. Anakutana na wenzake wanaomwita omosagane, asiyekatwa, na jioni anamkuta nyanya yake amekasirika. Ukimwuliza, atasema ameridhia. Ndiyo maana sheria haiipokei ridhaa hiyo kuwa utetezi, na anayemdhihaki mwanamke kwa kutokatwa hukabiliwa na kifungo kisichopungua miezi 6 au faini isiyopungua shilingi 50,000. Kumvusha mpaka hadi Tarime, Tanzania, akakatwe huko nako ni kosa.

Basi chifu, anayepaswa kusimamia sheria hii, asituambie kwamba anaheshimu mila. Tunajua naye ni mtoto wa ukoo uleule, na wazee watakaomnunia ni wajomba zake. Mshahara wake hata hivyo huingia mzima kila mwezi, Desemba ikiwemo.

Naibu wa chifu anayelijua eneo lake anajua boma lipi limesaga wimbi la pombe na lipi limetafuta fahali wa sherehe ya ukeketaji. Aende wiki mbili kabla, si baada ya damu kumwagika. Aende mchana, amevaa sare, na abishe hodi.