Tusiisingizie Mashine

Katika karakana zetu nyingi, za shule na za mashirika, pana desturi moja ambayo yafaa isemwe waziwazi. Kipande cha chuma kitokapo kwenye mashine ya milingi kikiwa na mawimbi, mikwaruzo au ngazi ngazi, neno la kwanza linalosikika ni kwamba mashine imezeeka. Neno hilo huandikwa katika ripoti, ripoti hupanda hadi kwa mkuu wa idara, na mwisho wake huwa ni barua ya kuomba fedha za mashine mpya. Fedha zikikosekana, mashine hufunikwa turubai, na kipuri ambacho kingeweza kuchongwa Morogoro au Mbeya huagizwa ng'ambo kwa fedha za kigeni. Katika mlolongo wote huo, hakuna aliyekiinua kile kipande kwenye mwanga na kukitazama.

Kwa faida ya wasomaji ambao kazi yao ni ya kalamu, mashine ya milingi ni ile ambayo kipande hufungwa mezani, na kikatio chenye meno kadhaa huzunguka juu yake huku meza ikisogea. Kazi yake ya kawaida huacha uso wenye ukwaru wa wastani kati ya mikromita 0.8 na 6.3, mikromita moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Ni vipimo vidogo, lakini matokeo yake huonekana na kila mtu. Mfuniko wa pampu ya maji ukiwa na ngazi ngazi, gasketi haikai sawasawa na maji huvuja. Kitako cha sanduku la gia kikiwa na mawimbi, ekseli hukaa upande na beringi hufa kabla ya siku zake.

Ubaya wa uso una sura nyingi, na kila sura ina chanzo chake. Hili ndilo jambo ambalo halifundishwi vya kutosha.

Tuchukue mfano wa kikatio chenye kipenyo cha milimita 20 na meno 4, kinachozunguka mara 400 kwa dakika, nayo meza ikisogea milimita 160 kwa dakika. Kwa hesabu ya darasani, kila mzunguko mmoja meza husogea milimita 0.4, na kila jino hupata milimita 0.1. Basi fundi achukue lenzi na rula, ahesabu michirizi iliyomo katika urefu wa milimita 2. Akikuta 20, meno yote manne yanafanya kazi. Akikuta 5, jino moja limewazidi wenzake kwa kutokeza, nayo matatu yaliyobaki yanasindikiza tu, kama ilivyo katika baadhi ya ofisi. Hasara yake si ndogo. Kikatio kichongapo kwa ubavu, kina cha kila mfereji hukua kwa mraba wa umbali kati ya mchirizi na mchirizi. Umbali ukiwa mara 4, kina huwa mara 16. Na chanzo ni nini? Huenda chembe ya uchafu imekaa ndani ya kishikio cha kikatio, huenda kikatio kilinolewa kwa kukisia, huenda mhimili wenyewe umepinda. Mambo hayo matatu hutofautiana sana kwa gharama, na la kwanza huondolewa kwa kitambaa safi. Halihitaji tenda.

Sura ya pili ni ile ya mawimbi yanayoambatana na mngurumo unaosikika hadi nje ya karakana. Huo ni mtetemo. Mmarekani F. W. Taylor, yule yule aliyesifika kwa kuwapima wafanyakazi kwa saa mkononi, aliandika mwaka 1907 juu ya ukataji wa chuma, na akakiri kwamba mtetemo ni miongoni mwa matatizo yenye giza kubwa kupita yote yanayomkabili fundi. Tangu siku hizo wataalamu wameufafanua sana, lakini tiba ya kwanza imebaki ile ile: kaza kinacholegea, fupisha kinachotokeza. Kikatio kilichotokeza mara mbili ya urefu unaohitajika hupinda mara 8 zaidi kwa nguvu ile ile. Hapo ndipo wengi hufanya kinyume. Wasikiapo mngurumo hupunguza mwendo wa meza wakidhani wanaibembeleza mashine. Jino likipewa cha kukata kidogo mno halikati, linasugua. Linapata joto, linakuwa butu, na uso unazidi kuharibika. Aghalabu inafaa kupunguza kasi ya mzunguko na kuuacha mwendo wa meza kama ulivyo, au hata kuuongeza kidogo.

Uso uliochanika na kupakaa kama tope, hasa wa aluminiamu au chuma laini, hutokana mara nyingi na chuma kilichoganda kwenye makali ya jino kwa sababu ya kasi ndogo, makali butu au ukosefu wa mafuta ya kupozea. Mikwaruzo isiyo na mpango ni ya maranda ya chuma ambayo hayakuondolewa, yakarudi chini ya kikatio. Uso ulio bapa ukiwa bado katika jiriwa, kisha ukapinda mara jiriwa inapolegezwa, unatushitakia mkono uliokaza kupita kiasi.

Ngazi kati ya mpito mmoja na mpito wa pili zina habari nyingine. Mara nyingi kichwa cha mashine hakikusimama wima juu ya meza. Hufungwa saa ya kupimia kwenye mhimili, mhimili ukazungushwa kwa mkono, na saa ikasomwa upande wa kulia na wa kushoto, mbele na nyuma. Zikitofautiana, kichwa hulegezwa, husahihishwa, hukazwa, na hupimwa tena. Ni kazi ya asubuhi moja. Inasikitisha kwamba ziko karakana zenye mashine ya mamilioni ya shilingi zisizokuwa na saa hiyo, kwa kuwa haikuandikwa katika orodha ya manunuzi.

Hatusemi kwamba mashine hazichakai. Zinachakaa. Njia za meza hulegea, na skrubu ya kuisukuma hupata nafasi, hata kikatio kikichonga kwa kufuata mwendo wa meza huivuta ghafla na kuacha alama. Lakini jambo hilo lithibitishwe baada ya kukagua kikatio, kishikio, ufungaji na kichwa, kimoja kimoja, kwa kubadili jambo moja tu kila mara. Fundi abadilishaye kikatio, kasi na mafuta kwa mpigo hata akifaulu hajui kilichomfaulisha. Ikithibitika kwamba meza imelegea, barua ya kuomba fedha iandikwe ikiwa na vipimo, na afisa aipokeaye hatakuwa na sababu ya kuiweka chini ya nyingine.

Taifa letu limejenga mengi ili tujitengenezee vifaa: SIDO tangu 1973, TEMDO tangu 1980, VETA tangu 1994. Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Vijana wengi zaidi watasimama mbele ya mashine hizi, na wengi watafundishwa na walimu wachache. Hapa ndipo pana hatari. Mtihani wa vitendo ukitoa alama kwa kipande kilichong'ara peke yake, mwanafunzi atajifunza kukificha kilichoharibika au kukisugua kwa tupa na msasa mpaka alama zifutike, na pamoja nazo ushahidi.

Tunapendekeza sehemu ya alama za mtihani huo itolewe kwa namna nyingine. Mwanafunzi apewe kipande kibovu, lenzi, rula na saa ya kupimia, aeleze kwa maandishi kilichosababisha ubovu na hatua yake ya kwanza, kisha aichukue hatua hiyo mbele ya msimamizi. Vipande vibovu havinunuliwi. Kila karakana inavyo. Vihifadhiwe kabatini, kila kimoja na karatasi yake: kikatio gani, kasi gani, mwendo gani, na chanzo kilichopatikana. Nao maafisa ugavi wanaoandaa bajeti ijayo waongeze mstari mmoja kwa kila karakana yenye mashine ya milingi: saa ya kupimia moja na kishikilio chake.